Kabla ya Cairo hadi Cape Town, Namanga hadi Moyale

Nina msimamo ambao umenigombanisha na wenzangu tunaoendesha baiskeli pamoja msituni Karura: anayeota Cairo hadi Cape Town na hajawahi kuivuka Kenya yake kwa urefu, anaota ndoto ya watu wengine.

Naelewa inakotoka. Tangu 2003 kuna msafara wa baiskeli unaoshuka kutoka Cairo hadi Cape Town, kama kilomita 12,000, na kwa miaka mingi umepitia Moyale, Marsabit, Nanyuki na hapa Nairobi. Tunawaona, tunapiga picha, tunarudi kazini. Wengi wao ni wageni. Sisi wenye barabara tunabaki watazamaji.

Namanga, mpakani na Tanzania, hadi Moyale, mpakani na Ethiopia, ni kilomita zipatazo 950, na sasa ni lami. Wazee wa malori watakuambia ilivyokuwa zamani: kutoka Isiolo kwenda juu ni vumbi na mawe ya kuvunja springi, na magari yalisubiriana yaende kwa msafara kwa kuhofia majambazi. Lami ilifika Moyale kama miaka kumi iliyopita, na kisingizio kikaisha.

Uzuri wa kuvuka nchi kutoka ncha hadi ncha ni kwamba barabara haikuulizi unapenda wapi. Mtalii huchagua: Mara, Diani, Naivasha. Wewe utapita Kitengela katikati ya malori ya saruji, utapita Bissil ng'ombe wakipelekwa mnadani, utapita Laisamis saa nane mchana hakuna hata kivuli cha kusingizia. Kenol na Makutano sina la kusema, pita haraka na uangalie matatu.

Ninapopapenda kuliko kote ni baada ya Nanyuki. Ikweta umeivuka, sasa unapanda kuelekea Timau, mashamba ya ngano huku na huku, Mlima Kenya mkono wa kulia, uko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na vidole vimekufa ganzi. Kisha barabara inaporomoka. Ukifika Isiolo uko kwenye mita 1,100 hivi, koti umelifunga kwenye karia, ngamia wanavuka barabara bila haraka, na mama wa kibanda anakuuliza chai iwe ya maziwa ya ng'ombe au ya ngamia. Kwa gari ungefika ukiwa umelala. Kwa baiskeli, kila mia ya mita uliyoshuka umeihisi masikioni na kwenye breki.

Ndiyo maana Mark Beaumont, Mskoti aliyetoka Cairo hadi Cape Town kwa siku 42 mwaka 2015, namvulia kofia lakini simwonei wivu. Mwendo ule haukupi nafasi ya kukaa Merille kwenye mkeka wa mtu mkisubiri jua lipoe.

Sasa upepo, na hapa siko tayari kubishana. Anayekuja kutoka Ethiopia huupokea usoni kwenye jangwa la Dida Galgalu, kati ya Turbi na Marsabit. Huvuma kutoka kusini-mashariki, na si wa mchezo: ndio uliofanya kaunti ya Marsabit ikawekewa mitambo 365 ya kuzalisha umeme upande wa Ziwa Turkana. Anzia Namanga, ukusukume. Waingereza wanaovuka kisiwa chao kutoka Land's End hadi John o' Groats, kama kilomita 1,400, wengi huanzia kusini-magharibi kwa sababu iyo hiyo.

Safari hiyo yao naitamani, ila kwa pasipoti yetu inaanzia kwenye foleni ya viza. Ethiopia na Tanzania hazituombi viza, Uganda na Rwanda tunaingia kwa kitambulisho. Namanga hadi Tunduma, mpakani na Zambia, kupitia Arusha, Dodoma, Iringa na Mbeya, ni zaidi ya kilomita 1,000 zinazotusubiri.

Tatizo letu kubwa si barabara, ni aibu. Baiskeli yenye mzigo kwetu ni ya muuza maziwa. Shangazi yangu wa Karatina aliponiona nimeingia uani na mabegi yamening'inia kila upande, alinikaribisha chai, akaniacha nimalize kikombe, ndipo akauliza kwa sauti ya chini kama kazini wamenifuta. Mgeni akipita hivyo hivyo, watoto wanamkimbilia kwa shangwe. Juu kaskazini ni tofauti kidogo. Marsabit mtu alinisalimu, "Habari za Kenya?", kana kwamba yeye haishi humo. Alikuwa anatania, na hakuwa anatania.

Kuhusu baiskeli yenyewe, usidanganywe na maduka ya Westlands. Fundi wa chini ya mti ana tyubu za Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, inchi 28, na labda za inchi 26. Ukienda na tairi jembamba la mashindano, beba tyubu zako mwenyewe, na tundu la rimu likiruhusu, ziwe za valvu nene kama ya gari ili pampu ya kituo chochote cha petroli ikufae. Maji, kuanzia Archers Post usipungukiwe lita sita. Na kabla ya kuondoka kila asubuhi, waulize madereva wa malori hali ya mbele ikoje; wao ndio wanaojua ya jana.

Kurudi ni kwa basi kutoka Moyale. Patana bei ya baiskeli na makanga kabla haijapandishwa juu, ng'oa pedali wewe mwenyewe, na kitambulisho kikae mfukoni, si ndani ya begi lililofungwa kamba huko juu. Vizuizi vya polisi ni vingi hadi Isiolo na basi zima litakusubiri wewe.