Kete kwanza au zege kwanza?

Katika shahada ya uhandisi, kozi ya uwezekano na takwimu hukaa kama mgeni asiye na mwenyeji. Mara nyingi mhadhiri huazimwa idara ya hisabati, na wanafunzi huisoma ili ipite tu. Ubishi juu yake ni wa siku nyingi: ianze na nadharia, yaani kete, karata na mipira ya rangi mfukoni, au ianze na data za kazini na programu ya kuzichakata?

Wanaotaka data kwanza wana hoja nzito. Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu 7 wakafa. Usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi walikuwa wamebishana kama baridi ingezidhoofisha pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi zake. Mjadala uliegemea safari zilizowahi kupata hitilafu, na kwa hizo peke yake athari ya baridi haikujitokeza wazi. Tume ya uchunguzi ilipozirudisha mezani safari zilizokuwa salama, mambo yakawa mengine kabisa: safari zote 4 za chini ya nyuzijoto 18 zilikuwa na hitilafu, ilhali kati ya 20 za joto zaidi ya hapo ni 3 tu. Hapo hapakuhitajika fomula. Palihitajika mtu wa kuuliza data zisizoonekana ziko wapi, na swali hilo mwanafunzi halipati kwenye mfuko wa mipira.

Lakini nikitaka kuungana nao moja kwa moja, nasita. Chukua vipande 3 vya zege vilivyovunjwa maabara baada ya siku 28: nguvu zake ni megapaskali (kipimo cha nguvu ya zege) 27, 31 na 35. Mchoro wa jengo unadai 25. Mwanafunzi wa kwanza anaona wastani ni 31, anaandika “imepita”. Wa pili anakumbuka kwamba kinachodaiwa ni nguvu ambayo asilimia 5 tu ya zege inaruhusiwa kuwa chini yake. Anazidisha mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika, ambao hapa ni 4, kwa 1.64, kizidishio cha hiyo asilimia 5, anatoa kwenye 31, anapata 24.4. Imefeli. Huyu ni bora, ila naye kajikwaa: hiyo 1.64 ni ya mtu anayeujua mkengeuko wa kweli, si anayeukisia kwa vipande 3. Kwa sampuli ndogo hivyo kizidishio lazima kiwe kikubwa zaidi. Programu haitamwambia, itapiga hesabu yoyote aliyoiomba.

Aliyelifungua fundo la sampuli ndogo, William Gosset, alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Mwaka 1908 alichapisha jibu lake kwa jina la bandia la Student. Shida ya kiwandani ndiyo iliyompeleka kwenye nadharia, na kwangu huo ndio mpangilio unaofaa darasani pia.

Hata kete zina haki yake. Daraja likijengwa kustahimili “mafuriko ya miaka 100”, wengi husikia kwamba kwa karne nzima litakutana nayo mara moja. Kila mwaka uwezekano ni asilimia 1. Kwa miaka 50 uwezekano wa kuyaona angalau mara moja unakaribia asilimia 40. Hiyo ni hesabu ya kete yenye nyuso 100 iliyorushwa mara 50, basi.

Ningepunguza nini? Mafumbo ya kupanga karata, karibu yote. Ningebakiza matukio huru, yaani yasiyoathiriana, na tabia ya sampuli, tena kwa kalamu na karatasi. Mtihani ungetoa data chafu, zenye mapengo, na kumtaka mwanafunzi aandike kwa nini anaziamini au haziamini. Kusahihisha maelezo ya namna hiyo kwa darasa la watu 200 ni mzigo kweli kweli, na nashuku hiyo ndiyo sababu hasa kete zimedumu.