Mshipa umeguswa, au umeonekana tu kwenye picha?

Mwaka mzima mke wangu alipimwa kila kitu: damu, homoni, mirija, kisha damu tena. Kazi yangu ilikuwa kumsindikiza na kukaa kwenye benchi nikichezea simu. Hakuna aliyeniita. Siku nilipokabidhiwa kikopo nikatoe manii, nilijiona kama mtuhumiwa, na bado naona aibu kwamba nilijisikia hivyo.

Mbegu zilikuwa chache na nyingi zilikuwa hazikimbii. Nikapigwa altrasaundi, ikaandikwa varikosili ya kushoto, yaani mishipa ya damu iliyotanuka kwenye korodani, na daktari wa kwanza, akiwa bado anasoma karatasi, akaniambia nijiandae kwa upasuaji wiki inayofuata. Hakuniambia hata nivue suruali.

Wa pili aliniomba nisimame. Akasubiri chumba kipate joto, maana kwenye baridi korodani hujikunyata, akashika taratibu, kisha akaniambia nibane pumzi na kukaza tumbo. Nikahisi kitu kinajaa chini ya vidole vyake, kama fundo la minyoo. Akasema: "Hii nimeigusa. Ningeikosa, ningekurudisha nyumbani."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Varikosili si ngiri wala busha, ingawa mtaani vyote huitwa mshipa. Ni vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za korodani zilizotanuka, damu ikawa inarudi chini badala ya kupanda. Mara nyingi huwa kushoto, kwa sababu vena ya upande huo huingia kwenye vena ya figo kwa pembe ya mraba, na safari yake ni ndefu kuliko ya kulia. Damu ikituama, joto hupanda, na korodani hutengeneza mbegu vizuri zikiwa na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya mwili. (Ikitokea kulia peke yake, ghafla, daktari makini atataka kuangalia tumbo na figo kwanza.)

Lakini takriban wanaume 15 kati ya 100 wanayo, na wengi wao wana watoto na hata hawajui kama wanayo. Kwa hiyo kuikuta hakutoshi kumpasua mtu. Miongozo inataka mambo yakutane: iwe inaguswa kwa mkono, vipimo vya manii viwe vibaya, na mnatafuta mtoto hampati. Ile inayoonekana kwenye altrasaundi tu, kuifunga hakujaonyesha faida kwa uzazi. Anayekupeleka chumba cha upasuaji kwa picha peke yake anakufanyia biashara, hata kama ana nia njema.

Kwa anayestahili, mimi natetea kisu bila kusita, hasa upasuaji wa kutumia darubini. Mkato wa sentimita chache chini ya kinena, vena zinafungwa moja moja, ateri (mishipa inayoleta damu) na mirija ya limfu (inayoondoa majimaji) vinaachwa. Mirija hiyo ikifungwa kwa bahati mbaya, maji hujaa na unaondoka na busha ambalo hukuja nalo. Kwa darubini hilo hutokea mara chache sana, na varikosili nayo hurudi kwa nadra. Mimi nilirudi nyumbani siku hiyohiyo, nikitembea kama bata.

Kilichonishinda ni kusubiri. Mbegu moja huchukua kama siku 72 kutengenezwa, ndiyo maana kipimo cha maana hufanywa baada ya miezi 3, na wakati mwingine unaambiwa ungoje hadi 6. Nusu ya muda huo nilikuwa nikisoma matangazo ya dawa za kuongeza nguvu ambazo hazina uhusiano wowote na vena. Manii huboreka kwa wengi waliofanyiwa, lakini mimba ni hesabu nyingine, na ndani yake umo umri wa mwanamke. Kama mke anakaribia 40, kukuambia wewe upone kwanza, upime, usubiri, kunaweza kuwapotezea ninyi wawili muda msiokuwa nao. Huenda upandikizaji wa mimba hospitalini (IVF) ukawa njia fupi zaidi, na suala hilo lizungumzwe kabla ya ganzi.

Mwezi wa nne nilipima. Idadi ilipita milioni 16 kwa mililita, kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani, ila mwendo wa mbegu bado ulikuwa wa kusuasua. Wiki hiyohiyo tulirudi kwa daktari wa mke wangu, na safari hii tuliingia wote wawili.