Daftari la mama na faksi ya Indianapolis

Mama ana daftari la kurasa 48, pembe zimejikunja, analiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho. Presha, sukari, dawa aliyobadilishiwa, muhuri wa zahanati: vyote vimo. Daktari yeyote wa Eldoret akilifungua anaelewa, awe wa serikali au wa misheni.

Mimi ni muuguzi Indianapolis, mwaka wa tisa sasa. Usiku mmoja wa baridi aliletwa mzee, kifua kinambana, kusema hawezi. Wiki iliyotangulia alikuwa amelazwa hospitali nyingine ya mji huuhuu. Huko kuna kompyuta kila chumba, na kwetu pia. Lakini orodha ya dawa zake ilitufikia kwa faksi, baada ya dakika 40, wino umefifia, kiasi cha dawa ya kuzuia damu kuganda hakisomeki. Ikabidi nipige simu nisomewe. Pale kando ya mashine nililiwaza daftari la mama.

Sisemi tubaki na madaftari. Daftari hulowa, hupotea, na halimwonyi daktari kwamba dawa mbili zinagombana. Ila linasomeka popote. Marekani ilitanguliza kompyuta: sheria ya 2009 ilimwaga mabilioni ya dola hospitali zinunue mifumo, kila kampuni ikajenga kivyake, na sheria ya kukataza kuzuia taarifa za mgonjwa ikapitishwa Desemba 2016. Mpaka leo wanatia viraka.

Na suluhisho lilikuwepo hapahapa Indianapolis! Taasisi ya Regenstrief, ya utafiti wa afya, ilianzisha LOINC mwaka 1994, misimbo inayokipa kila kipimo cha maabara utambulisho mmoja, kipimwe Eldoret au Indiana. Baadaye HL7, shirika linalotunga viwango vya data za afya, likatoa FHIR, kiwango wazi kinachoeleza jinsi mfumo mmoja unavyouomba mwingine taarifa za mgonjwa ukajibiwa.

Watu wa Regenstrief hao hao walifanya kazi na wenzetu wa AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi na vyuo vya Marekani. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilikuwa na hifadhidata yake tangu 2001. Mwaka 2004, pamoja na shirika la afya la Partners In Health, watu hao wa Regenstrief wakaanza OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa. 2006 ikawashwa Eldoret, kisha Rwanda. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa wa Kenya, umesimama juu yake. Ninachokipenda zaidi ni kamusi ya dhana ya OpenMRS: kliniki ikitaka kuuliza jambo jipya kwenye fomu, inaongeza dhana kwenye kamusi, na jedwali za data haziguswi. Hili limeanzia kwetu, tusilikimbie.

Desemba nilipokwenda nyumbani nilimpeleka mama kliniki moja ya binafsi, mfumo mpya, skrini zinang'aa. Nikamwuliza karani kama rekodi zake zinaweza kutumwa hospitali ya rufaa.

"Haziwezi, dada. Labda nikuchapishie."

Niliumia. Wanaotia sahihi mikataba hii, kwenye kaunti na kwenye kliniki, wamwulize muuzaji kabla ya bei: rekodi zinatoka kwa FHIR? Vipimo vina misimbo ya LOINC? Tukiachana nawe kesho, tunaondoka na nini mkononi? Akisitasita, wasinunue, hata kama skrini ni nzuri kiasi gani.

Karatasi zilitoka tatu. Mama alizikunja mara mbili, akazipachika ndani ya daftari, akafunga mfuko.