Kiatu cha kazi kisicho cha ngozi, mbona shughuli?

Jamani, nesi asiyetaka kuvaa ngozi ya mnyama avae nini kazini? Masharti nayaelewa: kiatu kifunike vidole, kisiteleze, kifutike damu ikidondoka. Sawa. Sasa nenda dukani. Cha kitambaa kinanyonya kila kinachomwagika. Kile chepesi cha plastiki kina matundu juu, yaani sindano ikianguka inapita moja kwa moja mpaka kidoleni. Kinachobaki ni ngozi, ngozi, ngozi.

Ukiuliza, muuzaji anakuapia kabisa kwamba hiyo ni ngozi bandia. Unakigeuza, unasoma alama zilizopigwa chini ya ulimi: sehemu ya juu ina mraba uliosimama kwa ncha, maana yake si ngozi. Safi! Unashuka kwenye bitana, unaikuta ile alama ya ngozi iliyotandazwa. Na gundi je? Gundi nyingine hutokana na mifupa na ngozi hizo hizo, lakini alama hizo hazisemi chochote kuhusu gundi.

Kikipatikana kilicho sawa kila mahali, basi hakipitishi hewa, na rangi iliyopo ni nyeupe tu. Nyeupe! Wodini! Aliyekibuni na akivae yeye zamu nzima ya saa 12, tena bila kukaa.