Kugeukia njiani sio kushindwa jamani

Mtu akirudi mlimani swali la kwanza ni "ulifika juu?" Hamna anaemuuliza alilala vipi wala kichwa kilimuuma kiasi gani, wao kilele tu, na mi naona swali hilo ndo linaloua watu.

Nasema hivi sababu nilikuwa hivyo hivyo. Safari yangu ya kwanza nilipiga tizi miezi mitatu, ngazi juu chini na begi mgongoni, nikajiona chuma, siku ya pili niko mbele ya kundi zima. Usiku wa kilele nikawa natapika pembeni ya jiwe huku mama mmoja wa makamo, ambae siku zote alikuwa wa mwisho, ananipita taratibu, hatua, pumzi, hatua, pumzi. Kumbe misuli haisaidii sana kule. Watu wanasema juu oksijeni hamna, si kweli, ni asilimia 21 ile ile ya ufukweni, kinachopungua ni presha ya hewa, ukifika kama mita 5,500 imebaki nusu, kwahiyo kila pumzi unapata nusu ya ulichozoea. Mwili unazoea kwa siku, sio kwa masaa, ndo maana ukivuka mita 3,000 unashauriwa usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku. Afu mtu anakimbiza Kilimanjaro, mita 5,895, kwa siku tano eti aokoe hela, akikwama analaumu viatu!

Sa turudi kwenye lile jiwe. Mwongozaji akaniambia nitembee mstari mnyoofu, kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma. Nikacheka, nikainua mguu, nikaenda upande kama mlevi. Hiyo ni dalili ubongo unaanza kuvimba na dawa yake ni kushuka, tena saa hiyo hiyo, sio "tupumzike kidogo tuone". Nikabisha, nikamtolea maneno machafu kabisa (nilimwomba radhi baadae), maana taa za wenzangu nilikuwa naziona pale juu, karibu mno. Na ubishi wenyewe unakuja ukishakaribia, ukiwa mbali unageuka tu bila shida. Everest Mei 1996 walikufa watu wanane kwenye dhoruba, na baadhi ya waliokuwa juu siku ile waliendelea kupanda hata baada ya saa nane mchana, muda waliotakiwa wawe wameshageuka. Na hao walikuwemo wazoefu hasa, sio mimi na begi la kuazima. Kwahiyo saa ya kugeuka ipange chini, kichwa kikiwa kizima, na uwaambie wenzako.

Nilishushwa nimeshikwa mkono kama mtoto. Tulivyoshuka kichwa kikaanza kufunguka, hadi njaa nikasikia. Yule mama alifika kileleni, aliporudi kambini nikampa hongera.

"Ahsante mwanangu," akasema, bado hajavua hata glavu. "Kichwa kimetulia?"

Mwakani narudi, ila safari hii siku nane.