Giza Limekosa Nini?
Nimechoka na riwaya za njozi ambazo, tangu ukurasa wa kwanza, giza limekwisha kuhukumiwa. Kwa nini kila mwovu avae joho jeusi, na kila mkombozi ashuke na nuru, kana kwamba jua halijawahi kumuunguza mtu? Mbegu iliyofukiwa huchipuka wapi? Mimba hukua wapi? Nyota zenyewe tungezionaje? Mwaka 1968 Ursula K. Le Guin, mwandishi Mmarekani wa riwaya hizohizo za njozi, alituandikia mchawi kijana anayekimbizwa na kivuli, kisha akageuka kukiwinda, na mwishowe akakiita kwa jina lake mwenyewe, akakikumbatia na kuwa mtu mzima. Zaidi ya nusu karne imepita, nami bado naletewa mahekalu ya nuru yenye makuhani lukuki, huku giza likinyimwa hata madhabahu moja!