Kosta ni ile ile

Mama yangu alidhani kuna mtu kabeba vifaranga. Tulikuwa stesheni ya Yokohama, Japani, saa moja na nusu asubuhi, watu wanapita getini bila kusimama, kila mmoja anagusisha kadi yake na mashine inaitikia kwa mlio mfupi mkavu. Mara katikati ya milio ile ikasikika "piyo, piyo." Mama akageuka. "Nani kaja na vifaranga humu?"

Nikamwonyesha. Mtoto wa kama miaka saba, kofia kichwani, begi gumu la shule mgongoni, keshavuka geti na anazikabili ngazi za kwenda kwenye treni. Kadi ya mtoto hulia hivyo makusudi, ili mfanyakazi wa stesheni ajue kwamba aliyepita kwa nusu nauli ni mtoto kweli, si mtu mzima mjanja. Nilimweleza mama yote hayo lakini hakunisikiliza. Alikuwa anaangalia nyuma ya yule mtoto, anamtafuta mkubwa wake.

"Yuko na nani?"

"Yuko peke yake."

"Peke yake anakwenda wapi?"

"Shule, mama."

Alikuja siku tisa tu, amefuatana na baba. Baba alikuja kikazi, kutafuta gari na vipuri. Mama aliwaambia wenzake wa kikoba kwamba anamsindikiza mzee, ingawa sote tunajua alikuja kumwona mjukuu. Ni mwalimu mstaafu, miaka thelathini na moja ya darasa la kwanza na la pili, Mbagala. Tangu asubuhi ile ya vifaranga hakuwa na habari na kitu kingine. Vyoo vinavyojisafisha vyenyewe, ambavyo wageni wangu wote huvipiga picha, hata hakuvitaja. Tukipanda treni anahesabu watoto walio peke yao. "Yule wa tatu. Yule kasinzia, hivi atajua kashafika?"

Nilimwambia asiwe na picha kubwa kuliko ukweli. Watoto wengi hapa huenda shule kwa miguu, kwa vikundi, shule iko karibu na nyumbani. Wanaopanda treni wakiwa wadogo vile mara nyingi ni wa shule za kulipia. Wanatembea na king'ora kidogo kimefungwa kwenye begi, cha kuvuta mtu mbaya akiwasogelea, maana watu wabaya wapo. Treni zenyewe zina mabehewa ya wanawake tu saa za msongamano, na hayakuwekwa kwa ajili ya urembo. Akaitikia, "Sawa." Kisha, treni ikiwa inapita Kawasaki, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilikuwa nawachapa wachelewaji."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa najua, na kila aliyesoma Dar anajua. Kituo cha daladala cha Rangi Tatu, Mbagala, alfajiri sina haja ya kumweleza mtu. Konda kasimama mlangoni, mkono kauweka kama kizuizi, "Wanafunzi wawili tu! Wawili!" na chini yake wapo ishirini. Unakimbia na gari huku umeshika begi la mwenzako. Unafika shule saa mbili na nusu umelowa jasho, mwalimu wa zamu yuko getini na fimbo. Mwalimu huyo naye kaja kwa daladala ile ile, ila yeye alilipa nauli kamili, ndiyo maana kawahi.

Najua mtakachosema. "Mmeshaanza. Mkikaa huko miaka miwili, bongo kote kunanuka." Nina miaka minane huku, na kabla ya hapo nilishika bomba miaka kumi na mitatu, nimekalia injini, nimebebwa mapajani na akina mama nisiowajua. Siandiki kwa kusimuliwa. Wala sisemi kwamba tunahitaji treni. Wanaoleta habari za treni kwenye mazungumzo haya wanatutoa kwenye mada, maana mtoto wa Mbagala hakuachwa kituoni kwa kukosa treni. Gari lilikuja, likasimama, likapakia, likaondoka.

Na gari lenyewe ni lipi? Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Ni Kosta, basi dogo la Toyota. Imetoka huku huku. Nyingine bado zina maandishi ya Kijapani ubavuni, na tangu nijifunze kuyasoma nimekosa raha, kwa sababu baadhi yanasema shule fulani ya chekechea. Usukani uko kulia kama kwetu, barabara wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo hata kugeuza hakuna. Gari hilo hilo lililokuwa likisimama mlango kwa mlango kuchukua watoto wa miaka minne, likishushwa bandarini Dar es Salaam linajifunza neno jipya: wanafunzi baki.

Mwingine atasema, hao ni Wajapani, ni desturi yao, sisi si wao. Desturi gani? Mwaka 1970 barabara za Japani ziliua watu 16,765 kwa mwaka mmoja, wenyewe waliita vita. Mwaka 2023 waliokufa ni 2,678, na magari ni mengi kuliko wakati ule. Hawakuzaliwa na ustaarabu huo. Walijenga njia za miguu, vivuko na taa, wakawasimamisha wazee wenye vibendera vya njano kwenye vivuko kila asubuhi, na mpaka leo wanasimama. Mzee wa kivuko cha mtaani kwangu ana zaidi ya miaka sabini, mvua inyeshe isinyeshe yupo. Mama alimwinamia kila asubuhi kwa siku tisa. Yule mzee sijui alidhani ni nani.

Na kuna yule mwerevu atakayeniambia Wajapani wana watoto wachache ndiyo maana wanawabembeleza. Kweli ni wachache. Mwaka 2024 nchi nzima yenye watu zaidi ya milioni 120 walizaliwa watoto wasiofika 700,000, na shule zinafungwa kwa kukosa wanafunzi. Kwa hiyo? Sisi kwa kuwa tunao wengi, tuwaache kituoni mpaka wapungue? Na binti akiachwa kituoni mara ya nne wiki hiyo, akaja wa bodaboda akamwambia "panda, utanilipa siku nyingine," siku hiyo nyingine ikifika tunaitana kikao cha ukoo kumuuliza binti alikuwa na haraka gani.

Samahani, nimepandisha sauti. Nirudi.

Tena nisije nikaonekana ninawasifu hawa kupita kiasi. Mwanangu alipokuwa mchanga niliwahi kusimama na kigari chake kwenye treni iliyojaa, analia, jasho linanitoka, behewa zima linatazama simu. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenipokea. Siku ile ningeitoa Yokohama yote nipate mama mmoja wa Gongo la Mboto wa kuniambia "lete huyo mtoto nimpakate, wewe shika bomba." Kwetu mtu aliyekaa hupokea begi la aliyesimama bila hata kutazamana usoni. Mwanafunzi akishafanikiwa kuingia, ni wa gari zima. Atapakatwa, ataulizwa yuko darasa la ngapi, atasemwa kwa kuchomoa shati, na konda yule yule aliyemzuia mlangoni atamwamsha, "Dogo, kwenu hapa, shuka." Yule mtoto wa hapa aliyesinzia, kama alipitiliza, nadhani alizinduka mwenyewe.

Hilo ndilo lililokuwa likimchanganya mama. Yeye alishikilia kwamba ni suala la moyo, watu wetu wameota sugu. Mimi nasema hapana, moyo upo, uko ndani ya gari. Kinachokaa mlangoni ni hesabu.

Piga mwenyewe. Kwa nauli zilizopangwa Desemba 2023, mtu mzima Dar analipa shilingi 600 kwa njia fupi, mwanafunzi 200. Hapa mtoto wa shule ya msingi analipa nusu. Tofauti ya nusu na theluthi haiwezi kumfanya mtu mmoja awe malaika na mwingine awe konda. Ila dereva wa basi la hapa ana mshahara. Mtoto akipanda asipande, mwisho wa mwezi wake ni ule ule. Suka wetu, yaani dereva, anaamka na deni: hesabu ya tajiri, ile fedha ya kila siku ya mwenye gari, mafuta, vijisenti vya barabarani ambavyo sivitaji, na kinachobaki ndiyo chakula chake na cha konda. Kila kiti kilichokaliwa na mwanafunzi ni mia nne zimetoka kwenye ugali wao. Serikali ilipanga nauli ya mwanafunzi, ikamwachia mtu maskini kuliko wote kwenye mnyororo ule ailipe tofauti, kisha tukamwita hana utu.

Na tajiri ni nani? Hapa ndipo wale wa "umesahau ulikotoka" wakae vizuri. Tajiri ni baba yangu. Ana Kosta mbili. Ada yangu ya sekondari, tiketi yangu ya kwanza ya ndege, vyote vilitoka kwenye hesabu ya jioni iliyohesabiwa juu ya meza yetu ya kulia chakula, noti zimekunjwa kwa urefu. Siku moja nikiwa kidato cha pili nilikataliwa na gari la baba yangu mwenyewe. Deiwaka, konda wa kutwa, hakunijua. Nilipomsimulia baba usiku alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akamuuliza konda kama hesabu imetimia. Ilitimia.

Kwa hiyo kiburi nitakitoa wapi? Mimi nimesomeshwa na mia nne za wenzangu walioachwa.

Mama alilileta suala hilo mezani usiku wa sita. "Baba Neema, magari yako yanapakia wanafunzi?" Baba akasema hayo ni mambo ya konda. Mama akasema konda hajiajiri. Baba akauliza kama yuko tayari hesabu ipunguzwe na yeye apunguziwe nini hapo nyumbani. Wakanyamaza. Mwanangu akauliza kwa Kijapani babu na bibi wamegombania nini, nikamwambia basi.

Siku ya nane tulikwenda yadi ya magari. Baba alikuwa ameshachagua kwenye picha: Kosta nyeupe, imetumika shule ya chekechea, ubavuni imechorwa twiga na tembo. Mama alifurahia twiga, akasema huyo angalau anarudi nyumbani. Ndani viti ni vidogo kabisa, vya kufika gotini. Baba akavipima kwa mkono, akasema ving'olewe huku huku, chuma chake wauze wenyewe.

Nyuma kabisa, ukutani, kulikuwa na kitufe. Baba akauliza ni cha nini. Nikamweleza kwamba mwaka 2022 mtoto wa chekechea alisahauliwa ndani ya basi akafa kwa joto, na tangu Aprili 2023 mabasi ya namna hii yanalazimika kuwa na kifaa cha kuzuia hilo. Hiki, dereva akizima injini, kinapiga kelele mpaka aende mwenyewe mpaka nyuma, apite kila kiti, akibonyeze.

Baba akakibonyeza mara mbili. Akaangalia waya unakopita.

"Fundi atakikata," alisema. "Kitatupigia kelele kila mwisho wa ruti."

Mama alikuwa amekaa kwenye kimoja cha vile viti vidogo, magoti yamefika kidevuni, mkoba ameupakata. Hakuinuka mpaka tulipomwita mara ya pili.